Kishikajina: mdudu mmoja, jina la spishi nzima

Mwaka 2019 Michael Darby alitangaza spishi mpya ya mbawakawa kutoka Kenya, akaiita Nelloptodes gretae kwa heshima ya mwanaharakati wa tabianchi Greta Thunberg. Mbawakawa huyo hana macho wala mabawa, na urefu wake haufiki milimita moja. William Block alikuwa amemkusanya katika miaka ya 1964 na 1965 kwenye udongo na takataka za majani, na tangu 1978 alikuwa katika hifadhi ya Makumbusho ya Historia Asilia ya London, bado hana jina. Kutangaza spishi ya namna hii si kumpima mdudu na kumchora tu. Mtaalamu humteua mdudu mmoja na kulifunga jina jipya kwake. Huyo ndiye holotaipu, na mwandishi wa Kiswahili akitaka kumtaja, maneno yanayomjia upesi ni sampuli, mfano au kielelezo. Yote matatu yanapotosha.

Sampuli ni chochote kilichochotwa ili kichunguzwe. Kila mdudu aliyechekechwa kutoka kwenye udongo ule ni sampuli. Mfano na kielelezo, kwa upande wao, huahidi kuonyesha jinsi wenzake walivyo, na holotaipu hana wajibu huo. Anaweza kuwa amekatika mguu au ni mdogo kuliko wengine wote, na bado cheo chake hakipungui. Kazi yake huonekana palipo na utata. Tuseme watafiti wa baadaye wagundue kwamba wadudu waliowekwa chini ya jina moja ni spishi mbili. Ipi ibaki na jina? Ile aliyomo holotaipu, hata kama ndiyo yenye wadudu wachache. Nyingine itatafutiwa jina jipya. Kwa Ptiliidae, familia ya mbawakawa huyo, jambo hili si la kufikirika tu. Wadudu hawa hufanana mno kwa nje, na mara nyingi wataalamu huzitofautisha spishi zao kwa kuangalia kwa hadubini kifuko cha jike cha kuhifadhia mbegu za dume.

Kwa hiyo napendekeza kishikajina, yaani kinachoshika jina. Kiswahili kimekwisha kuunda kipimajoto, kinasasauti na kipazasauti kwa njia hiyohiyo, na msomaji wa kidato cha pili ataielewa maana kabla hajafungua kamusi. Wapo watakaosema holotaipu linatosha kwa kuwa linajulikana duniani kote. Linatosha kwa mtaalamu anayelijua tayari. Kwa wengine ni sauti tupu, na pengo hilo ndilo linalojazwa na sampuli. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba holotaipu ana ndugu, na istilahi moja haiwezi kusimama peke yake. Hapo ndipo pendekezo hili linapopata nguvu. Lektotaipu, anayeteuliwa baadaye kutoka kundi la awali, atakuwa kishikajina teule. Neotaipu, anayewekwa wa awali anapopotea, atakuwa kishikajina mbadala. Parataipu hatalipata neno hilo kabisa, na ni haki, kwa sababu hashiki jina: yeye ni mwenzi tu aliyechunguzwa pamoja na holotaipu. Tukimwita holotaipu mfano wa kwanza na parataipu mfano wa pili, tofauti hiyo inafutika.

Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, toleo la 1999, zinadai kwamba kila spishi inayotangazwa baada ya mwaka huo iwekewe kishikajina bayana, na mahali kitakapohifadhiwa patajwe. Sharti hilo linatugusa moja kwa moja. Mtafiti wa Nairobi anayetaka kuthibitisha kwamba mbawakawa aliyemwokota ni Nelloptodes gretae lazima hatimaye amlinganishe na mdudu aliyehifadhiwa London. Neno sampuli humfanya msomaji adhani mdudu yeyote mwingine angefaa. Wahariri wa vitabu vya biolojia na waandishi wa habari za sayansi, andikeni kishikajina, na kila mnapotangaza spishi mpya ya kwetu, tajeni kimehifadhiwa wapi.