Ngwe na Mpaka: Tujifunze Nini katika Historia ya Kugawa Hesabu Kubwa

Mfasiri wa vitabu vya hisabati hukutana na dhana hii: hesabu kubwa ya eneo zima hugawanywa vipande, na kila kipande hupewa kompyuta yake, zote zikifanya kazi kwa wakati mmoja. Wengi wetu huandika "mgawanyo wa eneo", tukaridhika. Historia yaonyesha kuwa istilahi hiyo imepungukiwa.

Mwaka 1870 Mjerumani Hermann Schwarz alichunguza umbo lililofanywa kwa duara na mstatili vilivyopandana. Alitatua mlinganyo ndani ya duara; thamani zilizopatikana kwenye ukingo wa mstatili akazitumia kutatulia mstatili; kisha akarejea kwenye duara, hadi majawabu yakakubaliana. Kazi hiyo ilikwenda kwa zamu.

Mwaka 1922 Mwingereza Lewis Fry Richardson, katika kitabu chake juu ya kutabiri hali ya hewa kwa hesabu, aliwaza ukumbi wa wahesabuji 64,000, kila mmoja akishika sehemu yake ya ramani huku akisoma tarakimu za majirani. Katika mkutano wa Paris wa mwaka 1987, Pierre-Louis Lions alieleza namna ya kuifanya njia ya Schwarz iwe sambamba: kila kipande hutumia jawabu la jirani la duru iliyopita.

Kwa hiyo kugawa ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kupashana habari mpakani. Mkazi wa Mpendae alijua hili bila hisabati. Masika yakinyesha, maji hayaulizi shehia yaishia wapi; mwenye kukadiria mafuriko ya shehia moja bila kuhesabu maji ya jirani hukosea.

Wakulima wetu wanalo neno "ngwe", yaani kipande cha shamba kilichopimiwa mtu alime, huku wenziwe wakilima kando yake. Napendekeza "njia ya ngwe" kwa dhana nzima, na "mpandano" kwa sehemu iliyo ya ngwe mbili, kama makuti ya paa yapandanavyo ili pasivuje. "Kupishana" hakufai, kwani wapishanao huenda wasikutane. Tena "kwa zamu" na "sambamba" visichanganywe.

Mwanafunzi aliyefundishwa "mgawanyo" peke yake ataandika programu ambayo majawabu yake hayaoani mipakani. Kosa la istilahi litakuwa limezaa kosa la hesabu.