Kutafuta Habari za Babu Aliyekwenda Vitani

Mtu wa Mabawe, katika Ngara, atakaye kujua habari za babu yake aliyekwenda katika Vita Kuu ya 1914–1918, na aulize kwanza: alichukua mzigo wa serikali ipi? Maana nchi ile ilikuwa ya Wadachi. Kisha mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Tombeur, yalipita Biharamulo, yakaingia Tabora mwezi wa Septemba. Basi hati zaweza kuwa Berlin au Brussels, si London tu.

Jina nalo lina mashaka. Sauti ya “ch” Mdachi huiandika “tsch”, na aandikaye Kifaransa “tch”. Heri daftari lisomwe kwa sauti.

Askari huacha alama, kwa kuwa alilipwa kwa jina. Tena yasimuliwa kwamba miaka ya 1960, Wadachi walipowalipa askari wao wa zamani, mzee asiye na cheti alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kidachi kucheza kwata kama mwenye bunduki. Lakini mpagazi atajulikana kwa kwata gani? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba marehemu wasiopungua 116,000 wa vita vile, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina.

Kwa mpagazi, basi, wazee wa ukoo waulizwe kabla ya daftari: alipita njia ipi, bwana wake alisema lugha gani, alirudi akitokea wapi. Hayo ndiyo yaonyeshayo daftari la nani lifunguliwe.