Uvimbe wa figo na picha iliyojifunza kusoma

Neno saratani lilitujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa. Wagiriki na Warumi nao waliuita ugonjwa huu kaa. Ndiyo maana pengine mtu akiambiwa ana uvimbe kwenye figo (nso, kwa kamusi za zamani) huyaona magando papo hapo. Ilhali uvimbe ni jina pana, na saratani ni aina moja tu ndani yake.

Kuvitenganisha viwili hivyo kwa picha kulichukua muda. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, ila kwa miaka mingi figo ilibaki kivuli: mawe yalionekana, uvimbe ukakisiwa tu. Kisha Oktoba 1971, jijini London, mashine ya CT ya Godfrey Hounsfield ikapiga picha ya kichwa cha mgonjwa wa kwanza. Yeye na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, walitunukiwa Nobel mwaka 1979.

Kwangu mimi, ufundi wa Hounsfield ni namba kuliko picha. Maji aliyapa 0, hewa hasi 1000, na mafuta yakaangukia chini ya sifuri. Sasa, kuna uvimbe uitwao anjiomayolipoma. Hebu livunje jina hilo: mishipa, misuli, mafuta. Mafuta hayo yakisoma hasi, daktari huweza kusema kwa uhakika mkubwa kwamba si saratani, bila kushika kisu. Mwaka 1986 Morton Bosniak wa New York naye akavipanga vifuko vya maji vya figo katika madaraja manne, kwa kutazama unene wa kuta zake na iwapo zinang'aa baada ya dawa kudungwa mshipani.

Tusidanganyane lakini. Onkositoma si saratani, ila hung'aa kama saratani yenyewe, na CT hushindwa kuipambanua vyema. Katika kila wagonjwa watano wanaopasuliwa kwa uvimbe wa figo usiozidi sentimita 4, takriban mmoja hupatikana hakuwa na saratani. Kipande cha figo kimeshaenda! Ndiyo sababu siku hizi wengine hutolewa kinyama kwa sindano kwanza, au husubiri na kurudia picha.

Kiswahili nacho kinadaiwa hapa. Uvimbe usio saratani tunaueleza kwa kukanusha, na katika mazungumzo ya haraka kikanushi ndicho humezwa. Mimi ningependekeza "uvimbe tulivu". Na picha isipoamua, mgonjwa aambiwe hivyo waziwazi.