Mpiga Picha Msafiri na Siri ya Chumba cha Ndani

Nassa iko katika ukingo wa kusini wa Ghuba ya Speke, upande wa mashariki wa mji wa Mwanza, katika nchi ya Wasukuma. Kwa mpango wa serikali ni sehemu ya wilaya ya Busega, na tangu mwaka 2012 imo katika mkoa wa Simiyu. Ni mahali palipozoea wapitaji. John Hanning Speke aliyaona maji ya ziwa karibu na Mwanza mwezi wa Agosti, 1858. Henry Morton Stanley aliizunguka ghuba hiyo kwa mashua mwezi wa Machi, 1875, akaipa jina la mwenziwe aliyemtangulia. Wamisionari wa Church Missionary Society wakajenga kituo Nassa mwaka 1888, na mwaka 1909 kituo hicho kikaingia mikononi mwa Africa Inland Mission. Leo barabara ya kutoka Mwanza kwenda Musoma hupita katika wilaya hiyo, na mbele ya Lamadi lipo lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti.

Kila kundi la wapitaji hao lilikuja na chombo chake cha kuchukulia sura za watu na za nchi. Speke alichora kwa mkono; Stanley alikuwa na kamera katika mizigo yake; mtalii wa leo ana simu mfukoni. Vyombo vimebadilika, lakini jambo moja halikubadilika: mpitaji huondoka na picha, na aliyepigwa picha hubaki. Katika jambo hilo umo msingi wa mashindano yote yaliyopata kutokea Afrika ya Mashariki juu ya nani aonekane, aonekane na nani, na sura yake ikae kwa nani.

Mashindano hayo yafaa kukumbukwa sasa, kwa kuwa umezuka mtindo mpya wa kusoma sanaa hii. Katika miji mingi ya dunia hutolewa mafunzo mafupi, ya siku moja au mbili, ambamo msafiri mwenye kamera yake huingia studioni pamoja na wanafunzi wenziwe, akafundishwa kwa vitendo namna ya kumpiga picha mwanamke katika hali ya faragha: akiwa kitandani au mbele ya kioo, amevaa nguo za ndani au kanga moja, nuru ikimwangukia kwa upole kutoka dirishani. Wafaransa wa karne ya 18 walikiita chumba cha namna hiyo kwa jina lililotokana na neno la kununa, yaani chumba ambamo bibi wa nyumba hujitenga na watu. Jina hilo ndilo lililopewa picha zenyewe. Mwanafunzi hutoka na picha nzuri, na mara nyingine hutoka akiamini kwamba sasa ameijua kazi. Historia yaonyesha kwamba amejua nusu yake tu.

Hapo mwanzo kazi ya picha haikuweza kufundishwa kwa siku mbili. Tangu mwaka 1851, Frederick Scott Archer alipotangaza njia yake ya kupaka kioo dawa mbichi, fundi alilazimika kukipaka kioo, kukitia katika kamera na kukisafisha kabla dawa haijakauka, yote kwa muda wa dakika chache. Hivyo kila aendako alikwenda na hema la giza, chupa za dawa na maji safi. James Augustus Grant, aliyesafiri na Speke katika safari ya pili, alipiga picha Unguja mwaka 1860. Lakini msafara ulipokwenda bara aliona kazi hiyo ni nzito mno, akaiacha na kushika rangi na brashi. Vioo vya dawa kavu, vilivyotokana na majaribio ya Richard Leach Maddox ya mwaka 1871, ndivyo vilivyompa msafiri uwezo wa kupiga picha leo na kuisafisha baada ya wiki nyingi, pengine katika nchi nyingine kabisa.

Mabadiliko hayo ya dawa yalibadili pia mahusiano ya watu. Fundi wa kioo kibichi alikuwa hana budi kuisafisha picha papo hapo, na aliyepigwa aliweza kuiona. Msafiri wa kioo kikavu aliondoka na sura ya mtu ambaye hakupata kuiona sura hiyo maisha yake yote. Lakini ustadi wa dawa peke yake haukuleta haki. Miongoni mwa picha za Grant za Unguja imo ya soko la watumwa. Watu waliosimama mbele ya kamera ile hawakuwa na uwezo wa kukataa kuuzwa, sembuse kukataa kupigwa picha.

Miaka michache baadaye mwanamke mwingine wa Unguja alisimama mbele ya kamera kwa hiari yake. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akakua katika nyumba za kifalme ambamo mwanamume mgeni hakuingia. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri. Mwaka uliofuata akaolewa Aden na mfanya biashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akafuatana naye Hamburg na kuitwa Emily Ruete. Huko alipigwa picha studioni akiwa amevaa mavazi ya wanawake wa daraja lake wa Unguja, pamoja na vito vyake, uso wake wazi. Wajerumani walioitazama picha hiyo walikuwa na ndoto zao juu ya maisha ya wanawake wa Mashariki. Yeye mwenyewe alipotoa kitabu cha kumbukumbu zake mwaka 1886 alifanya juhudi kubwa kuzisahihisha ndoto hizo. Picha yake na kitabu chake vyafaa kusomwa pamoja: mwanamke aliyetoka ndani alitaka kueleza mwenyewe mambo ya ndani.

Ulaya nako alikuwako mwanamke wa namna yake. Virginia Oldoini, Countess wa Castiglione, alianza kupigwa picha Paris mwaka 1856 katika studio ya Mayer na Pierson, na kwa muda wa karibu miaka 40 Pierre-Louis Pierson akampiga zaidi ya picha 400. Nguo alichagua yeye, mkao alichagua yeye, na mara nyingine aliamuru hata rangi za kutiwa juu ya picha. Pierson alishika chombo; fikira ilikuwa ya mwanamke. Wanaofundisha picha za faragha leo wangeweza kumhesabu kuwa mmoja wa waasisi wao, ila asisahauliwe kwamba alikuwa tajiri na mwenye cheo, na mtu wa hali hiyo huamuru pale ambapo mwingine huamriwa.

Wanawake wengi wa Afrika ya Mashariki hawakuwa na nafasi hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 studio zilistawi katika miji ya pwani: Unguja palikuwa na A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, Wagoa. Dar es Salaam palikuwa na C. Vincenti na, baadaye kidogo, Walther Dobbertin. Biashara yao moja kubwa ilikuwa kadi za posta, ambazo mabaharia, maofisa na wasafiri walinunua na kupeleka kwao. Katika kadi hizo wanawake huonekana wamepangwa mbele ya mapazia na mazulia, mara nyingine mabega wazi au vifua wazi, na chini yake yameandikwa maneno ya kutaja kabila au uzuri wao. Mara nyingi jina halimo. Mtu mwenye wazazi, mume na majirani amegeuzwa mfano wa kabila, akauzwa kwa bei ya kadi. Studio ilikuwa mjini kwao, lakini mnunuzi alikuwa mpitaji, na picha ilipangwa kwa macho ya mpitaji.

Jawabu moja la tatizo hilo lilipatikana ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1892 Lala Deen Dayal, mpiga picha mashuhuri wa Bara Hindi, alifungua Hyderabad studio ya wanawake wa utawani, ambao desturi iliwakataza kuonekana na wanaume wa nje. Studio hiyo ilizungukwa na ukuta mrefu, na msimamizi wake alikuwa mwanamke wa Kiingereza, Bibi Kenny-Levick. Deen Dayal mwenyewe, pamoja na sifa zake zote, alibaki nje ya ukuta. Mpango huo wastahili kufikiriwa sana. Haukumwambia mwanamke kwamba heshima yake ni kizuizi cha sanaa. Uliijenga sanaa kwa kuifuata heshima yake.

Uhusiano wa bahari hiyo ulileta pia Unguja kijana wa Kigujarati, Ranchhod Oza. Alikuwa mgeni aliyekuja kutoka ng'ambo, akawa mwanagenzi katika studio ya Gomes, na mwaka 1930 akafungua ya kwake, Capital Art Studio. Haya nayo yalikuwa mafunzo ya vitendo ya msafiri, lakini yalikuwa ya namna nyingine. Mwanagenzi wa siku zile alianza kwa kazi ndogo za chumba cha giza, akapanda polepole mpaka kushika kamera. Wakati huo wote aliwajua watu wa mji nao wakamjua. Alipopewa negativi ya bibi arusi aliyekaa bila buibui, alipewa amana. Kama angeivunja, asingekuwa na mlango wa kubishia kesho yake. Baada yake mwanawe, Rohit, akairithi kazi na hazina ya negativi.

Hali ilikuwa kama hiyo Mombasa na Lamu. Katika studio ya N. V. Parekh, Mombasa, wanawake wa Kiislamu walikuja kupigwa picha wakiwa wamejipamba, wakikaa mikao waliyoiona katika filamu za Kihindi, kisha wakajifunika na kurudi nyumbani. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993, fundi aliyejifundisha mwenyewe na kujulikana kwa kukata na kuunganisha picha hata uso wa mtu ukachomoza katikati ya ua. Picha za namna hiyo hazikukusudiwa kuning'inizwa barabarani. Zilikuwa za kuwekwa katika albamu na kuonyeshwa shoga na jamaa.

Nyumba ya mawe ya Lamu ndiyo inayoeleza vizuri zaidi desturi hiyo. Mgeni hukaribishwa dakani, karibu na mlango. Akiwa mtu wa karibu huvuka kiwanda mpaka msana. Na nyuma ya msana kipo chumba kiitwacho ndani, ambacho si cha kila mtu. Uzuri wa nyumba huzidi kadiri mtu anavyokwenda mbele, na ruhusa hupungua kadiri hiyo hiyo. Mwenye nyumba hakuficha vidaka na vyombo vyake vya thamani kwa sababu ya kuvionea haya; alivificha kwa kuwa ni yeye mwenye haki ya kuchagua nani avione. Heike Behrend, mtaalamu wa Kijerumani aliyeandika kwa urefu juu ya picha katika pwani ya Kenya, ameonyesha jinsi wanawake walivyoitetea haki hiyo zamani za kamera za video, hata katika shughuli za arusi kazi ya kupiga picha za wanawake ikashikwa na wanawake wenzao.

Katika Tanzania haki hii imekwisha kuandikwa. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, yatambua haki ya kila mtu ya kuheshimiwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Na mwaka 2022 Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini sheria humfikia mkosaji baada ya kosa, na picha ya siku hizi hukimbia kuliko hakimu. Negativi ya Oza ilikuwa moja, ikakaa katika sanduku moja. Picha iliyopigwa leo asubuhi yaweza kuwa katika simu elfu kabla ya jioni, na hakuna sanduku la kuirudisha.

Kwa hiyo mwanafunzi anayesafiri kwenda kujifunza picha za faragha hana haja ya kuona haya kwa somo lenyewe. Wanawake wa pwani walitaka kuonekana wazuri, wakatoka majumbani kwao kwenda kulipa kwa fedha zao ili wawe na ushahidi wa uzuri huo. Linalompasa ni kuuliza maswali ambayo mwalimu wa siku mbili huenda asiyataje. Mwanamke aliyekaa mbele ya wanafunzi kumi amekubali picha kumi ziondoke, au amekubali kukaa tu? Nani atazishika, na kwa muda gani? Akibadili nia mwaka ujao, atampata wapi msafiri aliyekwisha kurudi kwao?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kipimo hicho chamfaa mpiga picha msafiri kuliko kipimo cha nuru na mkao. Mtu aingiaye katika kijiji cha ukingo wa Ghuba ya Speke na kamera yake, au katika studio ya mji wa mbali, na atazame kwanza mwenyeji wake atapata nini. Kama mwanamke aliyepigwa picha ndiye wa kwanza kuiona, ndiye mwenye nakala iliyo bora, na ndiye mwenye neno la mwisho juu ya safari yake, basi mgeni amefanya kazi ya fundi. Kama sivyo, hata nuru yake ikiwa nzuri namna gani, amefanya ile ile kazi ya wauza kadi za posta.