Charles Olweny na Saratani Sugu

Umoja ni nguvu. Methali hii ina ushahidi hata katika historia ya tiba.

Mwaka 1967, Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza kazi Mulago, Kampala, chini ya Daktari John Ziegler wa Marekani. Ilitibu watoto wenye uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958. Dawa moja iliweza kuuyeyusha uvimbe huo kwa siku chache. Hata hivyo, kwa baadhi ya watoto ulirudi: seli chache zilizokuwa sugu zilinusurika, zikazaana. Ndipo madaktari wakaunganisha dawa kadhaa, ili seli iliyoishinda moja iangamizwe na nyingine.

Katika kazi hiyo alikomaa Charles Olweny, daktari kijana wa Uganda. Ziegler alipoondoka mwaka 1972, enzi ya Idi Amin, wageni wengi wakihama, Olweny alishika uongozi. Katika miaka ya uhaba aliendelea kutibu na kutafiti, ikiwemo saratani ya ini. Baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, Nkozi.

Nasi wa Kagugu tunacho kituo cha saratani cha Butaro, kilichofunguliwa mwaka 2012. Mgonjwa akikatiza tiba kwa kukosa nauli, seli zilizobaki hupata nafasi ya kuzaana. Kwa hiyo, jirani anayemchangia nauli hiyo naye anapigana na saratani.