"Ndege Isiyo na Rubani": Jina, Chombo na Historia Yake

Katika kipindi kimoja cha tafsiri hapa Arua, wanafunzi walipewa habari ya vita waifasiri kwa Kiswahili. Walipolifikia neno la Kiingereza "drone" wakagawanyika. Wachache waliandika "droni", wengine "ndege nyuki", na wengi "ndege isiyo na rubani". Ndipo mwanafunzi mmoja kutoka Koboko akauliza: "Mwalimu, kama haina rubani, aliyeua ni nani?" Swali hilo ni la lugha na ni la historia pia. Makala haya yanajaribu kulijibu.

Tuanze na maneno yenyewe. Rubani, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, alikuwa mwelekezi wa chombo baharini kabla ya kupanda angani. Nyuki naye aliingia kwa njia ya Uingereza. Mwaka 1935 Waingereza walirusha ndege iliyoongozwa kwa redio, wakaiita Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Ilitumika kama shabaha ya kuwafunzia wapiga mizinga. Katika miaka hiyo hiyo Wamarekani walitengeneza za kwao wakaziita "drone", yaani dume la nyuki. Wafugaji wa nyuki wa West Nile wanajua kwamba dume la nyuki halina mwiba. Jina hilo, basi, lilikifaa chombo kisicho na silaha.

Hata hivyo, wazo la kukipa mwiba lilikuwapo mapema zaidi. Mwaka 1918, mjini Dayton, Marekani, Charles Kettering alijaribu kindege cha mbao kilichobeba baruti. Kifaa ndani yake kilihesabu mizunguko ya injini. Hesabu ilipotimia, injini ilizimika, mabawa yakaachia, na kiwiliwili kikaanguka juu ya shabaha. Vita vilikwisha kabla hakijatumika. Kindege hicho hakikuwa na rubani kabisa, lakini kabla hakijaruka palikuwa na mtu aliyepima upepo na kupiga hesabu ya umbali.

Mwiba wenyewe ulikuja mwaka 2001. Mwezi Februari Wamarekani walijaribu kurusha kombora kutoka ndege ya Predator, ambayo hapo awali ilikuwa ya upelelezi tu, na kufikia Oktoba ilikuwa ikishambulia Afghanistan. Hapa jina letu linapotosha. Rubani wa Predator hakuondolewa, alihamishwa. Alikaa mbele ya kioo, mbali na ndege, usukani ukiwa mkononi mwake.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuupunguza hata mkono huo. Tarehe 22 Mei 2002, katika kituo cha Edwards, California, ndege ya majaribio X-45A iliruka kwa mara ya kwanza. Ilijengwa na kampuni ya Boeing kwa ajili ya DARPA, wakala wa utafiti wa kijeshi wa Marekani. Zilijengwa mbili tu, na hazikuwa na chumba cha rubani. Mwaka 2004 moja iliangusha bomu lisilo na baruti juu ya shabaha, na mwaka huo huo mtu mmoja aliziongoza zote mbili kwa pamoja. Februari 2005 zilipewa adui wa kuigiza. Zenyewe zilipima ipi iko mahali pazuri, ipi ina mafuta na silaha za kutosha, ikaenda ile iliyofaa. Lakini idhini ya kushambulia ilitolewa na mtu aliyekuwa ardhini. Mradi ulifungwa mwaka 2006. Mwaka 2013 ndege nyingine ya majaribio, X-47B, ilitua yenyewe juu ya manowari baharini.

Mambo haya si ya mbali. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulianza kurusha droni zisizo na silaha kutoka Goma; mwaka uliofuata mojawapo iliona boti ikizama katika Ziwa Kivu, na watu wakaokolewa. Januari 2022 shambulio la droni katika kambi ya waliohama makwao huko Dedebit, Tigray, liliua raia zaidi ya 50. Tangu vita vya Sudan vilipoanza mwaka 2023, pande zote mbili zimezitumia. Wakimbizi waliofika Koboko miaka ya 1990 wanaukumbuka mlio wa Antonov, ndege za mizigo zilizoangusha mabomu kusini mwa Sudan. Waliokuwa chini walijua kwamba ndani mna watu.

Sasa tazama sarufi yetu. Gazeti huandika "Droni yaua watu kadhaa," na chombo kinakuwa mtenda. Panga likiua, hatuishii kwenye panga; tunamuulizia aliyelishika. Kwa hiyo napendekeza tufundishe tofauti. Predator ni ndege inayoongozwa kwa mbali. X-45A ilikuwa jaribio la ndege inayojiongoza. Na anayetaka kubaki na jina lililozoeleka aongeze neno moja tu: ndege isiyo na rubani ndani.

Kwa mwanafunzi wangu wa Koboko, jibu ni hili: tangu Dayton mwaka 1918 hadi Edwards mwaka 2005, palikuwa na mtu aliyepiga hesabu, aliyeshika usukani au aliyetoa idhini. Tafsiri yako isimfiche.