Chungu cha Shule Katika Ghala la Taifa

Tangu miaka ya 1970, pale mbolea ya ruzuku na bei moja ya serikali kwa nchi nzima vilipoyafanya mahindi kuwa zao la biashara, mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma imehesabiwa kuwa ghala la taifa. Katika mikoa hiyohiyo, mtoto wa shule ya msingi anaweza kukaa darasani tangu asubuhi hadi saa nane mchana bila kutia kitu kinywani. Wanafunzi wangu wa chuo wameliona hilo walipokwenda mazoezi ya kufundisha, na sasa kila muhula huchangishana fedha kwa ajili ya uji wa shule za jirani. Nimechangia, na nitachangia tena. Hata hivyo nimewaomba waisome kwanza historia ya chungu wanachotaka kukijaza, kwa kuwa si wao wa kwanza kukijaza.

Mwanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini amekuwa akijilisha kwa muda mrefu. Shule ya Malangali, iliyo katika Mufindi ya leo, ilifunguliwa mwaka 1928 chini ya Mwingereza W. Bryant Mumford, aliyetaka vijana wasome bila kuvuliwa mila zao: wazee walialikwa kufundisha, kaptura zikakataliwa, na kilimo na mifugo vikawa sehemu ya siku ya shule. Wazazi wengi walitaka Kiingereza na hesabu. Jembe walikuwa nalo nyumbani. Malalamiko hayo yalirudi, kwa sauti ya chini zaidi, baada ya Mwalimu Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967. Kila shule ilitakiwa iwe na shamba, na shamba hilo lichangie gharama za shule, chakula kikiwemo. Waliosoma enzi hizo wanakumbuka makande yaliyotokana na jasho lao wenyewe. Wanakumbuka pia mashamba yaliyogeuka adhabu, na mavuno ambayo mwanafunzi hakuambiwa yalikwenda wapi. Wazo lilikuwa sahihi kuliko utekelezaji wake: mwanafunzi alipaswa kushiriki kuamua, si kushika jembe tu.

Mwalimu alikuwa na mfano aliowapa wasomi katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Kijiji chenye njaa kinampa mtu mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi, amekisaliti kijiji. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, mamia yao walirudishwa makwao. Mimi huurejea mfano huo kila ninapoiona bahasha ya mchango ikipita darasani, kwa sababu mwanafunzi wa chuo bado ni mtu aliyelishwa na wengine.

Sura inayosahaulika zaidi ni ya Iringa. Mwaka 1983 ulianza mkoani humo mpango wa pamoja wa lishe wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Mkoa ulikuwa na mahindi, lakini watoto walikuwa wamedhoofu. Watoto wa chini ya miaka mitano wakapimwa uzito hadharani, takwimu zikajadiliwa na serikali ya kijiji, na wanakijiji wakaulizana sababu. Walichokiona ni kwamba mama aliyeshinda shambani hakuwa na muda wa kumlisha mtoto zaidi ya mara mbili kwa siku. Vijiji vikaanzisha vituo vya kulishia watoto, kwa chakula kilichotolewa na kaya zenyewe. Namna UNICEF inavyoueleza utapiamlo duniani, kuanzia sababu za karibu hadi mizizi yake ya kisiasa na kiuchumi, ilichangiwa sana na kazi hiyo ya Iringa. Somo likasafiri dunia nzima, nasi tukabaki na tatizo: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 30.

Hao ndio wanaoingia darasa la kwanza. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoendesha chakula cha shule nchini, lilielekea mikoa ya ukame kama Dodoma na Singida. Uamuzi huo unaeleweka, ila uliiacha mikoa ya neema nje kwa sababu ya sifa yake.

Kisha ukaja Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioondoa ada na michango ya lazima. Ulifungua milango ya shule, na sitaubeza. Lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kwa mzazi, kwa hiari. Wazazi wengi walisikia neno moja tu, "bure", wakaacha kupeleka debe la mahindi na kilo za maharage. Palipobaki wachangiaji wachache, pakazuka jambo baya kuliko njaa ya wote: watoto waliolipiwa wanakula, wenzao wanakaa chini ya mti wakiwatazama.

Kwingineko duniani wanafunzi nao wamechangia. Mwaka 1974 Oxfam America ilianzisha mfungo wa siku moja, wanafunzi wa vyuo wakiacha mlo na kutoa fedha yake. Huko Japani, tangu 2007, Table for Two hukata yeni 20 katika mlo wa mkahawani kulipia mlo mmoja wa shule Afrika. Mipango hiyo imelisha watoto wengi, lakini mchangiaji wa Tokyo hawezi kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji cha Kilolo. Mwanafunzi wa Iringa anaweza, na pengine ni kijiji chake.

Ndiyo maana nawashauri wanafunzi wangu wasinunue mahindi. Gunia la mgeni huisha kwa wiki chache na kumwondolea kila mhusika wajibu wake: mzazi, mwenyekiti, diwani na halmashauri inayokusanya ushuru wa mazao hayohayo. Fedha yao inunue kile ambacho kijiji hukwama kukipata: sufuria kubwa, jiko linalookoa kuni, tangi la maji, ujira wa mpishi wa muhula wa kwanza. Mahindi yatoke kijijini, kwa azimio la mkutano, na kaya zisizojiweza zisamehewe kwa majina yanayojulikana kwa kamati ya shule, si kwa watoto.

Jambo la mwisho ni kalenda. Harambee yao ya sasa imepangwa Februari, wakati debe limepanda bei na ghala za kaya zimekauka. Mavuno ya nyanda zetu hukamilika kati ya Juni na Julai, nao wakati huo huwa likizo, makwao. Nimewaomba kamati waende na barua mbili: moja kwa mtendaji wa kijiji kuomba ajenda ya chakula cha shule iingizwe katika mkutano wa baada ya mavuno, nyingine kwa diwani, kuuliza ni kiasi gani cha ushuru wa mahindi kimerudi katika shule za kata yake.